Tupeane uzoefu: shamba lililogeuka kichaka, wewe ulilirudishaje kuwa nyasi?

Mwenye uzi, Njoro

Wadau, habari zenu. Naanza na aibu yangu ili na nyinyi mfunguke. Ekari mbili za marehemu baba zilikaa miaka sita bila jembe, sisi watoto tukihangaika mjini. Niliporudi nyumbani 2021, mubangi, lile gugu lenye harufu kali, ulikuwa umenizidi kimo, ndulele kila upande, na chini ya hayo yote sangari, ile nyasi gugu inayotambaa, imejifuma kama mkeka.

Nikaita trekta mwezi wa tatu, mawingu tayari yameshajikusanya. Plau ya diski ikapita mara moja. Shamba likawa jekundu, safi, hata jirani akanipigia makofi. Nikamwaga mbegu ya Boma Rhodes, nyasi ya malisho, na kusubiri. Baada ya wiki tatu kulikuwa na kijani kweli, kijani cha sangari. Ile diski ilikuwa imekatakata mizizi vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo kikachipuka. Kwa kifupi, nililipa trekta inipandie sangari.

Mwaka uliofuata nilianza mapema, Desemba, jua likiwa kali. Safari hii niliomba jembe la meno, lile linaloichomoa mizizi badala ya kuikata. Tukaiburuta juu kwa reki, ikalala juani wiki mbili. Ukiivunja mkononi ikalia "ka!" kama tambi kavu, hiyo imekufa. Ikipinda tu, irudishe juani. Tulirudia mara tatu hadi Februari, tukaikusanya na kuichoma. Mvua za kwanza niliziacha zipite bila kupanda chochote, magugu yakaota, nikayapiga haro ya juu juu. Ndipo nikapanda.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Na nyinyi je?

Mama Ng'ombe Watatu, Bahati

Asante kwa kuwa mkweli, kaka. Mimi sangari haikunisumbua, kosa langu lilikuwa mbegu. Ile mbegu ni nyepesi kama manyoya ya kifaranga. Niliimwaga saa nane mchana na upepo wa Bahati mnaujua. Nusu iliota kwa jirani, na hata leo analisha mbuzi wake nyasi zangu.

Sasa hivi nachanganya mbegu na mchanga mkavu, namwaga asubuhi kabla upepo haujaamka, nusu nikienda hivi na nusu nikikatiza. Usiifukie kama mahindi. Mimi huburuta tawi la mti lenye majani juu yake, basi. Ikienda chini zaidi ya sentimita mbili haitoki.

Halafu msiogope ule mwezi wa kwanza. Nyasi huwa kama nywele za mtoto mchanga na magugu yanaziacha mbali. Nilikaribia kulima tena. Mama mkwe ndiye aliyenizuia, akaniambia, "Inama, wewe, usiangalie ukiwa umesimama." Nikainama nikaona mistari ya kijani chembamba chini ya kishonanguo. Tukafyeka magugu kwa juu kabla hayajatoa mbegu, nyasi zikapata mwanga.

Mzee wa Mau, Molo

Nyinyi watu wa chini mnapenda kulima sana. Huku juu kuna baridi na Rhodes inadumaa. Sikugusa udongo. Nilifyeka, nikafungia kondoo na ng'ombe humo kwa zamu, nikamwaga samadi. Nyasi ya Kikuyu ilikuwa humo humo muda wote, imekandamizwa tu. Ililetwa na kwato, si trekta. Ilichukua miaka miwili, lakini sikukopa hata shilingi.

Mwenye uzi, Njoro

Mzee, shikamoo. Na sangari hukuwa nayo?

Mzee wa Mau, Molo

Marahaba. Ipo, ng'ombe wanaila. Wewe ndiye unayegombana nayo.

Mkulima wa Kimilili

😂 Mzee amemaliza. Lakini huku Bungoma vita vyetu ni vingine. Uwanja wangu ulikuwa umejaa lantana. Kiangazi kimoja, malisho yamekwisha, mtamba wangu akaila. Ndani ya siku chache pua ikaanza kubanduka ngozi, na yale mabaka meupe mgongoni yakachubuka kama yamemwagiwa maji ya moto. Alikuwa anakimbia jua, anajificha nyuma ya choo. Daktari wa mifugo akasema ini limeumia, ndiyo maana jua linamchoma, tumweke kivulini. Alipona, lakini alikonda sana.

Nilivyopona hasira nikachukua panga. Makosa! Ukikata lantana inarudi na matawi kumi. Lazima uchimbe kisiki, na mvua ikiwa imelainisha udongo ndiyo rahisi. Vijana wawili, wiki nzima, robo ekari.

Hapo nikapanda nepia, ikashikwa na ule udumavu, majani njano, shina fupi kama la kitunguu. Ugonjwa huo husafiri na vipande vya kupandia, kwa hiyo tafadhali usiombe nepia kwa jirani kabla hujaliangalia shamba lake. Niling'oa yote nikapanda nyasi ya brakiaria kwa mashina ya kupandikiza, hatua moja kati ya shimo na shimo. Imefunga uwanja mpaka kishonanguo hakina pa kusimama. Kwenye mahindi nimeizungusha pembeni na desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, ile njia ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita, na oluyongo, lile gugu la striga linalonyonya mizizi ya mahindi, imepungua.

Nyakwar Kano, Ahero

Huku shida ni maji. Udongo mweusi, kiangazi unapasuka mguu unaingia, masika ni bwawa. Rhodes yangu ya kwanza ilioza ikiwa kidole kimoja. Nimeinua matuta upande wa juu, huko imeshika. Upande wa chini nimekubali yaishe, nalisha mabua ya mpunga.

Kijana wa Rongai

Wakubwa, swali mbili. Nijue vipi kwamba ni wakati wa kuingiza ng'ombe? Na nimekung'uta mbegu mwezi uliopita kwa shamba la mjomba, naweza kumwaga sasa?

Mwenye uzi, Njoro

Ya kwanza: shika fungu la nyasi mkononi, livute kwa kulipinda jinsi ulimi wa ng'ombe unavyofanya. Majani yakikatika na mzizi ukabaki, sawa. Likitoka lote na udongo wake, funga lango. Mimi mwaka wa kwanza sikuingiza mnyama kabisa, nilikata kwa fyekeo nikiacha kiganja kimoja juu ya ardhi.

Ya pili: ngoja, mdogo wangu. Mbegu mbichi ya Rhodes hulala, iache miezi kadhaa mahali pakavu. Halafu hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, funika, kaa wiki mbili uhesabu zilizochipua. Nilipopima zangu mara ya kwanza zilitoka 23. Nikazirudisha guniani.