Mtama wa wahitaji: tuuhifadhije?

Muuliza (Chamwino): Bwana asifiwe, wapendwa. Usharika unataka kutunza mtama wa wajane na wazee kwa miezi ya njaa, Januari hadi Machi. Fukusi tuwazuieje?

Mzee wa kanisa, Kongwa: Amina. Nunueni mavuno yakitoka, Juni au Julai, bei ikiwa chini. Anikeni kwenye turubai hadi punje ilie ikitafunwa. Yenye unyevu huota ukungu. Tumieni mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa: kamueni hewa, fungeni kila tabaka peke yake. Fukusi hufa kwa kukosa hewa, ila tundu moja la panya huharibu yote. Pangeni juu ya chaga, mbali na ukuta.

Shemasi: Orodha ya watakaopewa ndiyo ngumu. Matendo 6 walichaguliwa saba kwa sababu wajane wengine walisahauliwa. Mshirikisheni balozi wa nyumba kumi, msiulize dini. Tafadhali pelekeni nyumbani kwao. Foleni kanisani inawaaibisha.