Mjadala: Kubadili sproketi ni haki ya mwenye pikipiki, au ni kuichezea barabarani?

Ubishi huu wa sproketi, yaani yale magurudumu yenye meno yanayoshika cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye gurudumu, hauishi. Mmoja anasema kiwanda kilishapiga hesabu zake, asiye mhandisi asiguse. Mwingine anajibu kwamba pikipiki ni yake, atafunga meno anayotaka. Naona wote wawili wanakosea mahali pamoja: wanazungumza kana kwamba kupunguza meno na kuongeza meno ya mbele ni jambo moja. Si jambo moja, na hapo ndipo nataka tubishane.

Tuchukue pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Funga 13 mbele, uwiano unakuwa 3.23. Nguvu ya kusukuma inayofika kwenye gurudumu katika kila gia inaongezeka kwa karibu asilimia 8. Injini haijapata hata chembe ya nguvu mpya, na anayekuambia imepata anakudanganya. Ulichofanya ni kuuza kasi ukanunua msukumo. Kama ulikuwa unakwenda 80 injini ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, sasa mizunguko hiyohiyo inakupa kama 74. Ukiitaka 80 yako, injini itapiga karibu 6460, na utaisikia.

Je, biashara hiyo ni mbaya? Kwa anayebeba mzigo na kupanda milima kila siku, mimi nasema ni nzuri. Kiwanda kinapanga meno kwa ajili ya mtu wa wastani, anayepita lami leo na kesho yumo kwenye vumbi, peke yake au na abiria. Wewe unayepakia kila asubuhi si mtu huyo. Ukibaki na meno ya kiwanda unaondoka kwa kuisugua klachi, unaishikilia nusu mpaka inanuka, kisha unailaumu klachi kwa kuisha mapema. Jino moja lingeiokoa. Wanaosema “kiwanda ndicho kinachojua” wanijibu hapo: kinaujua mzigo wako?

Gharama zipo, sizifichi. Sproketi ndogo inaikunja cheni kwa ukali zaidi, kwa hiyo cheni inachakaa upesi, na huenda ikaanza kulisugua gadi la mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma. Ndiyo maana wengine huiacha ya mbele na kuongeza ya nyuma: 14 kwa 45 inakupa 3.21, karibu sawa kabisa, ila huenda ukahitaji cheni ndefu zaidi. Na tafadhali, usifunge sproketi mpya kwenye cheni iliyokwisha kuvutika. Itazila zote mbili.

Sasa upande wa pili, na hapa sina subira. Kuna wanaofunga 15 mbele ili pikipiki “ikimbie”. Kwenye injini ndogo, mara nyingi haikimbii. Upepo unaipinga, injini inashindwa kuifikia mizunguko yenye nguvu zake zote, na gia ya mwisho inageuka ya kuteremkia mlima tu. Lakini hiyo ni hasara ya mwenyewe, amalizane nayo.

Kinachotuhusu sisi wengine ni spidomita. Zile zinazopima kwenye gurudumu la mbele hazijali umefunga meno mangapi. Zinazopima kwenye shafti ya gia zinadanganywa. Mwenye 13 ataonyeshwa 80 akiwa kwenye 74. Amedanganywa, lakini kwa usalama. Mwenye 15 ataonyeshwa 80 akiwa kwenye karibu 86, na hana habari. Anakaribia kivuko cha watoto akiamini yuko ndani ya kiwango. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu spidomita, inasema kipimo kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko mwendo halisi. Kipimo cha kilomita nacho kinapotoka vilevile, kwa hiyo pikipiki hiyo ya meno 15 ikiuzwa, mnunuzi anasoma umbali mfupi kuliko uliotembewa.

Msimamo wangu basi: kupunguza kasi kwa ajili ya mzigo aachiwe mwenye pikipiki, bila kibali cha mtu. Kuongeza kasi kwenye pikipiki inayopima mwendo kwenye gia kusiruhusiwe barabarani mpaka spidomita isahihishwe, na vipo vifaa vidogo vya kuisahihisha. Anayeuza pikipiki ya namna hiyo alazimike kusema idadi ya meno, kama anavyosema mwaka wa kutengenezwa.

Ninapokwama ni kwa fundi. Akiletewa sproketi ya meno 15 na mteja anayemlipa, awe na wajibu wa kukagua spidomita inapima wapi kabla hajafunga, au wajibu wote ubaki kwa mteja? Mimi naelekea kumbebesha fundi, kwa kuwa ndiye anayejua. Mafundi mlio hapa, mnasemaje?