MREJESHO: Samansi ya jamaa wa Chinle imemfikia

Wakuu, niliuliza hapo nyuma namna ya kumfikishia samansi jamaa aliyenunua gari langu hapa Phoenix, Arizona, Marekani, akalipa nusu, kisha akarudi kwao karibu na Chinle, ndani ya ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji asilia wa Marekani. Wengi mlisema nipitie kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa Kaunti ya Apache ambako Chinle ipo. Wapi! Walinieleza kwa adabu kuwa kwa dai kama langu mamlaka yao hayaingii kule. Wanavajo wana polisi na mahakama zao.

Nikaenda mwenyewe hadi ofisi moja ya huko Chinle, kuulizia anuani tu, maana mdai hapeleki samansi yake. Miadi saa nne. Nafika saa nne kamili, saa ya ukutani inasema tano! Kumbe kiangazi Wanavajo wanasogeza saa mbele, Arizona yenyewe haisogezi. Mama wa pale akacheka, akaniambia nyumba nyingi hazina namba, watu wanatumia sanduku la posta.

Basi nikatuma kwa barua ya rejista, mahakama ya madai madogo inaruhusu. Juzi kadi ya kijani ya posta, ya kuthibitisha barua imepokelewa, imerudi na saini yake, mwandiko uleule wa kwenye mkataba.

Aliyenigusia kesi ya Williams na Lee, ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1959, asante. Kwa kesi hiyo, tungeuziana kulekule kwao, ningelazimika kumshtaki kwenye mahakama yao. Bahati tulisaini Phoenix.

Jana kapiga simu, anaomba alipe kidogokidogo. Nimemwambia tutaongea mbele ya hakimu.