Kesi ya urais: siku 14 zetu, miezi ya Malawi, ama bila kesi kabisa?

Fundi_Kariobangi: Wakuu tulinganishe hii kitu bila vyama. Kwetu Kenya mlalamishi ana siku 7 tangu mshindi atangazwe, alafu Mahakama ya Juu inaamua ndani ya 14. Malawi walipiga kura Mei 2019, uamuzi ukatoka Februari 2020, uchaguzi ukafutwa. Ghana ile kesi ya 2012 ilienda miezi nane. Ipi afadhali?

Duka_Gikomba: Siku 14 na sibadilishi. 2017 tukingoja uamuzi wateja wa kutoka mashambani hawakuja, marobota yamekaa hayajafunguliwa na kodi ya kibanda haingoji jaji. Sasa miezi nane??

Wakala34A: Nakuelewa, lakini 14 ni kidogo sana. Nimekuwa wakala wa chama kituoni, usiku wa manane mko darasani macho mazito, fomu 34A ya matokeo ya urais ya kituo inajazwa, mnasaini, nakala inabandikwa mlangoni. Vituo kama hivyo 2022 vilikuwa zaidi ya elfu 46, nani atavipitia kwa wiki mbili? Malawi majaji walipata muda wa kuangalia hadi fomu zilizofutwa kwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia.

Jirani_Eastleigh: Mmesahau Tanzania, ibara ya 41(7), tume ya uchaguzi ikishatangaza rais hakuna korti inaruhusiwa kuchunguza. Na sisi tumeonja kitu karibu na hiyo, kesi ya Kibaki ya kupinga ushindi wa Moi wa 1997 ilitupwa eti Moi hakukabidhiwa karatasi za kesi mkononi. Ndio maana 2007 waliolalamika walikataa kwenda kortini, ghasia zikazuka na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Siku 14 ni chache ndio lakini watu wanaziamini na wanangoja.

Duka_Gikomba: Hapo kwa 2007 sina la kuongeza, inauma mpaka leo. Lakini mjue pia Malawi miezi hiyo yote aliyelalamikiwa alikuwa ameshaapishwa anatawala. Kwetu haapishwi mpaka korti iseme.

Fundi_Kariobangi: Basi tuseme siku 30, na kuapishwa kungoje?

Wakala34A: 30 nachukua. Ila iandikwe tume ikiagizwa na korti ifungue seva za matokeo na haifungui, siku zisimame kuhesabiwa.

Duka_Gikomba: Zisimame hapana, wakikataa mwezi mzima watoto wangu watakula nini. Afadhali vile Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu, na wenzake walifanya 2017, tume haikufungua seva vile iliagizwa, wakaihesabia hiyo kama ushahidi dhidi yake na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa. Hiyo ndio iandikwe kwa sheria.