Mjadala: Nani aliiangusha Invictus Gaming, mwenye timu au wachezaji?

Dogo wa Chang'ombe (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Invictus Gaming, yaani iG, ndiyo timu ya kwanza ya ligi ya China, LPL, kubeba ubingwa wa dunia wa League of Legends, gemu ya kompyuta ya watano kwa watano. Novemba 3, 2018, Incheon, Korea, Fnatic ya Ulaya akala tatu bila. Machipuko ya 2019 wakabeba na ligi. Baada ya hapo, giza. Mwaka 2020 hata kufuzu mashindano ya dunia walishindwa, na mwisho wa 2021 nyota wao TheShy na Rookie wakafungasha. Miaka mitatu tu!
Mimi nailaumu menejimenti. Kocha Kim Jeong-soo aliyewapa ubingwa aliondoka mwishoni mwa mwaka uleule, na hakuletwa mtu wa kuwaambia vijana wale "hapana". TheShy anasukuma njia ya juu peke yake, anajua kabisa maadui wanamzunguka, na bado anasonga mbele. Kukiwa na kocha mwenye sauti, ujasiri ule ni silaha. Asipokuwepo, mechi inakwisha dakika ya 20. Nyie mnaonaje?

Kamanda 254
Pesa iliisha, hakuna siri hapo. Mwenye timu wakati ule alikuwa Wang Sicong, mtoto wa yule tajiri wa kampuni ya Wanda. Machi 2019 Panda TV yake, jukwaa la kurusha gemu mtandaoni, ikafungwa, Novemba mahakama ikampiga marufuku matumizi ya anasa kwa sababu ya madeni. Mwenye duka akifilisika, wauzaji wake watakaa kufanya nini?
Halafu tuambiane ukweli, ubingwa wenyewe ulikuwa wa Wakorea. Wachina walibebwa.

Mhandisi wa Wuhan
WALIBEBWA? Kamanda, hayo ya madeni sina shida nayo, lakini hilo la mwisho ulirudie taratibu. Mwaka 2018 nilikuwa nasoma Wuhan. Gemu ya tatu ilipokwisha bweni zima lililipuka. Watu madirishani wanapiga beseni za kuogea kwa vijiko, jengo la ng'ambo linajibu, mlinzi katoka na tochi, kapiga filimbi mara moja akaacha. Unadhani walikuwa wanashangilia Korea?
Mchezaji bora wa fainali alikuwa nani? Ning. Mchina. JackeyLove alikuwa na miaka 17, Mchina. Baolan, Mchina. Watatu kati ya watano.

Jirani Mpole
Hivi si ilichezwa Beijing, ule uwanja wa kiota cha ndege? Nakumbuka jukwaa kubwa na lile joka.

Mhandisi wa Wuhan
Huo ni mwaka 2017, na fainali ilikuwa Wakorea kwa Wakorea, Samsung na SKT. Mashabiki wa China waliijaza Beijing wakaishia kuangalia wageni wakicheza. Ndiyo maana 2018 ilikuwa na uzito ule, tena wameenda kubeba ndani ya Korea kwenyewe.

Kamanda 254
Mhandisi, beseni hazinipi jibu. TheShy Mkorea. Rookie Mkorea. Duke aliyekuwa akipokezana na TheShy, Mkorea. Kocha Mkorea. Twende mbele kwa timu nyingine za LPL zilizobeba dunia: FPX 2019, Wakorea ni Doinb na GimGoon. EDG 2021, Scout na Viper. Kanuni inaruhusu wageni wawili uwanjani, na kila timu ya LPL iliyobeba dunia imejaza nafasi zote mbili kwa Wakorea. Nitajie moja tu iliyobeba bila wao.

Bi Shufaa
Mwanangu Kamanda, Rookie alifika iG mwishoni mwa 2014 na akakaa miaka saba. Ujana wake wote kaumalizia pale. Amejifunza Kichina, anahojiwa kwa Kichina. Miaka ya mwanzo timu haikuwa na chochote, wenzake wanakuja wanaondoka, yeye yupo. Wewe leo unamhesabu kama kibarua wa mkataba wa miezi sita? Mtu akikaa kwako miaka saba akala chumvi yenu, bado mgeni?

Kamanda 254
Bi Shufaa, nakuheshimu, lakini anakaa kwa mshahara. Mapenzi ni kitu kingine.

Bi Shufaa
Kwani wewe kazini kwako unakwenda bure? Ukilipwa ndiyo huipendi kazi?

Mwana wa Pwani
Mnaongea kana kwamba iG ilizaliwa 2018. Wang aliinunua timu 2011, na mwaka 2012 iG ya gemu nyingine, Dota 2, ilibeba The International, ubingwa wa dunia wa gemu hiyo, kule Seattle. Na'Vi, waliokuwa mabingwa watetezi, wakafungwa 3-1, zawadi dola milioni 1. Na kwenye kikosi kile kulikuwa na ChuaN wa Malaysia. iG kuchanganya watu ni tabia yake tangu zamani. Hata hii habari ya "kuanguka" inanipa tabu, maana 2021 Singapore iG ya Dota ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya Evil Geniuses kwenye fainali ikageuza 3-2. Timu iliyokufa inafanya hivyo?

Dogo wa Chang'ombe
Mwana wa Pwani, mada ni League. Na Kamanda, mahakama uliyoitaja ni Novemba 2019. Angalia Mei. Kombe la katikati ya msimu, iG anamaliza makundi kashinda 9 kapoteza 1. Nusu fainali Taipei anakutana na Team Liquid, timu ya Marekani ambayo hakuna aliyeipa nafasi, anapigwa 3-1. Nani alizuia mishahara wiki ile? Niliangalia gemu zile nikirudia. Wanacheza kama vile mpinzani atajiua mwenyewe. Liquid wamewasoma, wanajua Ning, anayezunguka kusaidia njia zote, ataingilia wapi, wanamsubiri. Hakuna mpango wa pili.

Kibaraza
Mimi nakumbuka mwenye timu anang'ata hot dog kwenye viti vya watazamaji siku ya fainali ya 2018. Ile picha China waliichora kila mahali, hadi katuni.

Jirani Mpole
Huyo huyo aligawa hela kwa bahati nasibu kwenye Weibo, mtandao wa kijamii wa China! Watu 113, kila mmoja yuan 10,000, kwa vile ubingwa ulikuja tarehe 3 mwezi wa 11. Kati ya washindi, 112 wanawake. Wanaume wa China walitoa povu wiki nzima.

Bi Shufaa
Na povu lile lilikuwa na haki kuhusu mfumo wa kuchagua, lakini angalieni lilikoishia: kuwatukana wasichana walioshinda, eti hawajui hata gemu inachezwaje. Mnajuaje? Nimefuatilia LPL tangu Rookie anatua, na kila nikifungua mdomo naulizwa kama nilianza kuangalia kwa sababu ya sura ya mchezaji. Hata hapa nimeshaulizwa, uzi wa mwaka juzi.

Kibaraza
Dada, mimi sijataja wanawake. Nimetaja hot dog.

Bi Shufaa
Sijakujibu wewe.

Dogo wa Chang'ombe
Huyo Wang ndiye ushahidi wangu. Agosti 2018 alijisajili kama mchezaji, akapanda kucheza mechi ya ligi dhidi ya Vici Gaming. Walishinda, sawa. Lakini klabu ambayo bosi anaweza kuchukua nafasi ya mchezaji akijisikia, nidhamu itatoka wapi?

Mwana wa Pwani
Au ni bosi anayeipenda gemu kweli. Wangapi wenye timu wanajua hata kushika kipanya?

Mhandisi wa Wuhan
Nimerudi kwa Kamanda. JackeyLove "aliyebebwa" aliondoka mwisho wa 2019, Aprili 2020 akaingia TES, timu nyingine ya LPL, kiangazi wakabeba LPL. 369, Karsa, knight, JackeyLove, yuyanjia. Nionyeshe Mkorea katika hao watano.

Kamanda 254
Niliuliza kombe la dunia. Dunia ya 2020 TES walitolewa nusu fainali na Suning, nao wa LPL, na Suning wakapigwa fainali na Damwon. Damwon ya wapi? Korea. Asante kwa kunisaidia.

Mhandisi wa Wuhan
Kwa hiyo Wachina wawili kufika nusu fainali na mmoja fainali ni aibu? Ndugu, wewe huitaki China ishinde, sema tu. Kila uzi wa LPL upo hapa na hesabu ya pasipoti.

Mzazi Makini
Nyote hamjataja serikali yao. Tangu 2021 watoto wa China wanaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni kwa muda wa lisaa limoja tu, tena usiku wa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Vipaji vitatoka wapi?

Dogo wa Chang'ombe
Mzazi, kanuni hiyo ni ya Agosti 2021. iG alishaanguka. Hiyo itakuja kuwaumiza wengine baadaye, na nakubali ni mada nzito, ila si ya iG.

Kamanda 254
Dogo, na kocha wako nae? Kim kutoka iG alikwenda Damwon, akaondoka mwisho wa 2019. Mwaka 2020 Damwon bila yeye wakawa mabingwa wa dunia. Kocha anahitajika wapi hapo?

Dogo wa Chang'ombe
Damwon walipompoteza walikuwa na wa kuziba pengo. iG hawakuziba. Angalia 2020 tu: machipuko wanaongoza msimamo wa ligi, nusu fainali ya ligi JDG anawafunga tatu bila. Msimamo ni vipaji. Mechi za mtoano ndipo maandalizi yanapoonekana, na wao kila mtoano wanaingia mikono mitupu.

Jirani Mpole
Lakini 2025 si TheShy na Rookie wamerudi iG? Nilikesha ile mechi ya Oktoba, Beijing, kugombea nafasi ya mwisho ya mashindano ya dunia na T1 ya Korea. Wakafungwa 3-1.

Kamanda 254
Umeona? Wakitaka kufufuka wanawaita nani?

Bi Shufaa
Wanawaita watu wao. Na GALA, Wei na Meiko waliokuwa nao siku ile ni wa wapi, Kamanda? Wataje.

Mhandisi wa Wuhan
Hatataja.

Kamanda 254
Nipo kazini, nikitoka nitajibu wote. Na Mhandisi, hilo la kwamba siitaki China ishinde, utalifuta au tuitane kwa wasimamizi?