Naombeni ushauri: mzee auze mikorosho nikasomee upasuaji Marekani, au nitulie huku Kusini?

Daktari wa Bara Bara
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31. Udaktari nimesoma China, nikarudi, nikafanya ule mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sisi tuliosoma nje, nikamaliza intani. Sasa niko hospitali ya wilaya mkoani Lindi, mwaka wa nne.

Ninachopenda ni upasuaji. Huku mabusha na ngiri hayaishi. Juzi nimemfanyia mzee mmoja aliyetembea na busha miaka kumi na mbili akijifunga msuli tu. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya uji, alimtuma mwanawe dukani akamnunulie suruali.

Binamu yangu aliyeko Marekani ananisukuma niombe nafasi ya ubingwa wa upasuaji kule. Mzee wangu Newala yuko tayari kuuza ekari tano za mikorosho. USMLE, ile mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, sijagusa hata Step 1, yaani hatua ya kwanza. Nifanyeje?

Mlinzi wa Bandari
Uza tu mkuu, ukirudi utainunua na dola 😂

Nilipita Huko
Dokta, mimi nimeijaribu njia hiyo, nikuambie bila kukupamba. Tangu Januari 2022 Step 1 haina alama, ni kufaulu au kufeli. Kwa hiyo watakupima kwa Step 2 CK, mtihani wa hatua ya pili ambao bado una alama, na ukiwa umesoma nje alama ya kawaida haikufikishi popote kwenye upasuaji. Unahitaji pia cheti cha ECFMG, taasisi ya kule inayothibitisha madaktari waliosoma nje, na mtihani wa Kiingereza wa OET. Step 1 peke yake inakula zaidi ya dola 1,000, hapo hujakata tiketi.

Kinachotuua zaidi ni barua za mapendekezo. Wanataka daktari mpasuaji wa kwao aseme "huyu namfahamu". Kumpata inabidi uende ukakae miezi, tena unatazama tu, hushiki kisu. Wewe unayefanya ngiri peke yako saa nane usiku utasimama kwenye kona mikono nyuma.

Halafu kuna mtego. Nafasi za upasuaji ni za aina mbili: ya miaka mitano mpaka unamaliza, na ya mwaka mmoja ambayo ikiisha hakuna anayekudai wala unayemdai. Wageni wengi huangukia hii ya pili. Mimi niliipata. Machi iliyofuata, Jumatatu ile wanapotuma majibu, nikasoma kwamba sikupata pa kuendelea. Nilikuwa kwenye korido nimeshika kahawa ya mkubwa wangu.

Mama Nachingwea
Mwanangu, mkorosho ukipanda leo mpaka uzae vya kueleweka ni miaka saba, minane. Baba yako ana umri gani?

Kisu cha Mitengo
Mbona hakuna aliyetaja COSECSA? Chuo cha madaktari wapasuaji cha kanda yetu, makao makuu Arusha. Unajifunza ukiwa kazini kwenye hospitali waliyoithibitisha: miaka miwili unafanya mtihani wa uanachama, mitatu mingine unakuwa bingwa. Jumla mitano, sawa na Marekani, ila hapa unapasua kuanzia siku ya kwanza. Au omba MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa, Muhimbili, KCMC au Bugando, na ufuatilie ufadhili wa Wizara ya Afya.

Swali: oparesheni zako umeziandika mahali? Sisemi rejista ya thieta. Daftari lako.

Nilipita Huko
Naunga mkono. Na hata ukienda kwa viza ya J-1, ile ya mafunzo, Wizara yetu ndiyo inayoandika barua kwamba nchi inakuhitaji, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili. Binamu yako alikuambia hilo?

Daktari wa Bara Bara
Hakuniambia. Na daftari sikuwa nalo, nimeona aibu kidogo. Jana baada ya zamu nimekaa na rejista ya thieta mpaka saa sita usiku, nimeanza kunakili. Nimefika mwaka wa pili tu na ngiri peke yake ni 58.

Mama, mzee ana miaka 67. Nimempigia leo nikamwambia asubiri, asiuze. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nitatuma hela ya salfa ya kupulizia mikorosho wiki hii au wiki ijayo.

Kisu cha Mitengo, nimekufuata inbox.