Naomba ushauri: kifungu cha mfumuko wa bei katika mkataba wa chakula

Ndugu zangu, habari za kazi. Kikundi chetu cha akina mama hapa Tanga kinapikia wafanyakazi wa karakana moja, na mkataba mpya unataka bei ya sahani ipandishwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei wa taifa. Ninavyoelewa, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulinganisha fahirisi ya bei (namba inayoonyesha kiwango cha bei kwa jumla) ya mwezi husika na ya mwezi kama huo mwaka uliotangulia, na katika kapu lake, yaani orodha ya bidhaa na huduma zinazopimwa, lenye mwaka wa kizio (mwaka wa kulinganishia) 2020, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito, yaani sehemu ya matumizi yote, wa takriban asilimia 28 tu, ilhali kwetu ndivyo karibu gharama yote, ukiacha mkaa. Isitoshe, pale soko la Mgandini fungu la nyanya hubaki shilingi 1,000 huku nyanya zikipungua kutoka sita hadi nne. Bei imepanda kwa nusu nzima, ingawa muuzaji ataapa kuwa hajapandisha kitu.

Je, tudai kifungu kitaje fahirisi ya vyakula peke yake, au tupime wenyewe kwa mizani bei ya kilo ya vitu tunavyonunua? Na tukipima, uzito wa kila kitu katika hesabu (si wa mizani, bali sehemu yake ya gharama) tuupangeje, kwa kuwa mchele ukipanda huwa tunahamia kwenye ugali?